Upande Usio na Upepo

Jumatatu, 21 Julai

Jumamosi ya tarehe 12 Julai, kabla ya adhuhuri, nilimpoteza mdogo wangu wa pekee, Térence Niyongabo, wa miaka ishirini na sita. Alifia chini ya theluji kwenye milima ya kusini, mwendo wa nusu siku kwa basi kutoka hapa Sydney. Naandika "nilimpoteza" kwa kuwa ndivyo watu wanavyosema. Lakini mtu hapotei kama soksi. Térence alipelekwa, akasimamishwa mahali, akaambiwa afumbe macho. Aliyempeleka ana jina: Mchungaji Kalume, wa kanisa letu la Auburn.

Tumemzika Ijumaa. Mchungaji huyo huyo ndiye aliyeshika koleo la kwanza. Nilimtazama mikono.

Kwa atakayesoma haya baadaye: mimi ni Belyse Nibigira, Mrundi, niliyekulia kambini Kigoma. Nilifika nchi hii nimemshika Térence mkono. Nilianza na ndoo moja na mpira wa kufutia vioo. Leo nina watu wangu wanaoning'inia kwenye kamba wakiosha maghorofa ya mjini. Térence alikuwa fundi wangu wa kamba. Miaka mitano hewani, hajawahi kudondosha hata kitambaa. Mtu aliyekagua fundo lake mara mbili kila asubuhi amekufa akiwa amesimama ardhini.

Jumanne, 22 Julai

Sikuwepo. Nilikuwa kazini, na binti yangu Ineza alikuwa kitandani na mafua. Kwa hiyo haya nimeyakusanya kwa waliokuwepo.

Kwetu, watu wakiwa na jambo zito hupanda mlima kufunga na kuomba. Burundi tulipanda. Kambini mlima haukuwepo, tukapanda kichuguu, tukakiita mlima. Hapa kanisa hupanda vilima vya nyuma ya Penrith kila mwaka. Mwaka huu Mchungaji akasema vile ni vifupi, Mungu wa nchi kubwa aombwe kwenye mlima mkubwa. Shule zilikuwa zimefungwa. Wakaenda, vijana kwa wazee, theluji hadi magotini.

Juu kabisa upepo wa magharibi ukawapiga hata nyimbo hazisikiki. Mchungaji akawavusha mgongo wa mlima, akawashusha upande wa pili, kwenye kibonde kilichotulia kabisa. Wakapanga duara. Juu ya vichwa vyao theluji ilikuwa imejitokeza kama upenu wa nyumba. Waliuona. Walisema ni mzuri.

Upenu ulikatika, ukauamsha mteremko mzima. Wengi ulipita kando yao. Watatu uliwafukia. Wawili walichimbuliwa hai.

Jumapili, 27 Julai

Nimekwenda kanisani kwa ajili ya kumsikia. Nimemsikia.

"Mlima wa Bwana," amesema Mchungaji, "hauchukui mutu bure. Kama kwa kambi ya watu wa Bwana kuna kitu kilichofichwa, mlima utakifichua." Watu wakageuza shingo kunitazama.

Kumbe wote wanajua isipokuwa mimi. Mfukoni mwa Térence ilikutwa karatasi ya chokoleti na nusu yake ndani. Siku ya kufunga. Tayari imekuwa hadithi: Niyongabo alikula kwa siri, Mungu akakasirika, mlima ukashuka.

Destin, mkalimani, alikuwa anawageuzia watoto mahubiri kwa Kiingereza kama kila Jumapili. Alipofika pale kwenye mlima na kilichofichwa, akakatiza neno, akakohoa. Nimeliona hilo.

Mwishoni likatolewa tangazo. Maombi yaliyokatizwa humrudia aliyeomba. Kwa hiyo watapanda tena mlima ule ule, Jumamosi ya tarehe 13 Septemba, kumalizia. Watu wakasema amina. Ineza, kando yangu, naye akasema amina. Ana miaka kumi na saba.

Sasa nina mambo mawili ya kufanya: kulisafisha jina la mdogo wangu, na kuhakikisha mtu huyu hampeleki mtoto wangu pale. Hamu ya tatu, ya kumuona amepiga magoti bila kuwa anaomba, siihesabu kazi. Hiyo ni haki yangu.

Jumatano, 30 Julai

Milimani theluji mpya, sentimita ishirini. Upepo wa magharibi, kilomita sitini na tano kwa saa. Nimeosha vioo na kulaani.

Jumamosi, 2 Agosti

Gloire amekuja. Ni Mkongo, mchumba wa Térence. Harusi ilikuwa iwe Novemba. Alikuwa kwenye duara lile, akatoka mzima. Alileta sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli lenye mfuniko, na hakuvua glavu za sufu mikononi, ndani ya nyumba, na hita imewashwa.

"Wifi, pole," akasema.

"Usiniite wifi. Wewe ulikuwepo. Walipomsema kanisani, mdomo wako ulikuwa wapi?"

Akatazama sombe lake. Nikamwambia achukue bakuli aondoke, kwangu hatuli chakula cha watu wanaonyamaza. Ameondoka, bakuli kaliacha. Sikuligusa. Ineza amelimaliza lote amesimama jikoni, akaniambia kwa Kiingereza chake kwamba nina roho mbaya.

Jumatatu, 4 Agosti

Upepo wa magharibi. Tena.

Jumapili, 10 Agosti

Jana nimeendesha gari hadi theluji. Nilikuwa na mwenyeji: Mwiti, Mmeru wa Kenya, aliyewahi kuosha vioo kwangu akanikimbia kwa sababu, alisema, mjini hakuna baridi ya kutosha. Sasa kila majira ya baridi anafanya kazi na waokoaji wa huko juu. Siku ile ya Térence alikuwa mmoja wa waliofika kuchimba. Sikujua kuwa alikuwepo mpaka alipompigia Ineza kutoa pole.

"Bosi, umezeeka," ndiyo salamu yake.

"Na wewe umekuwa mzungu. Nichimbie hilo shimo uliloniahidi."

Hakunipeleka pale penyewe, pangali hatari. Alinipeleka kwenye mteremko mdogo uliotazama upande ule ule, akachimba shimo lililonifika kifuani, akalinyoosha ukuta kama fundi lipu. Kisha akanipa kadi ya plastiki, akaniambia niivute ukutani kutoka juu hadi chini. Ilishuka kwenye laini, ikagonga gumu, halafu ghafla ikapita bila kushika kitu, kama kisu kwenye majivu.

"Hapo," akasema. "Hiyo ndiyo tabaka mbaya. Juu yake upepo umepakia bamba gumu. Kila kitu kinangojea kitu kidogo."

"Upepo umepakia vipi?"

"Upande wa magharibi upepo unakwangua theluji, unaibeba, unaivusha juu. Ikifika upande wa pili penye utulivu, inaanguka. Nyumbani, bosi, ukikimbia upepo unajificha nyuma ya kilima. Hapa theluji nayo inajificha hapo hapo."

Nilikaa kwenye ukingo wa shimo. Maana na mimi ningejificha hapo. Mama yangu angejificha hapo. Kila mtu wa kwetu, ukimpiga kwa upepo kilimani, atazunguka nyuma na kumshukuru Mungu kwa utulivu.

Mwiti alipima mteremko wa siku ile: nyuzi thelathini na nane. Upenu uliokatika: urefu mita thelathini, upana sita, unene mbili. Theluji ya milima hii ni nzito, haiko mbali na bahari, imejaa maji. Mita moja ya ujazo ina kilo mia nne. Nimepiga hesabu kichwani kabla yeye hajatoa simu yake. Tani mia moja arobaini na nne. Tani mia moja arobaini na nne haziulizi nani amefunga na nani amekula chokoleti.

Kama ingeishia hapo, labda ningemsamehe Kalume. Ujinga ni wetu sote. Lakini tulipokuwa tunashuka Mwiti akasema, "Polisi walishaongea na yule mzee, lakini?"

"Mzee gani?"

Mzee wa Jindabyne, mteleza thelujini kwa ski wa miaka mingi. Alipita pale asubuhi ile, akaona duara chini ya upenu. Akashuka hadi kwao, akazungumza na wanaume wawili waliosimama kando: mmoja mnene mwenye koti refu jeusi, mmoja kijana wa jaketi jekundu aliyekuwa anamtafsiria. Akawaambia watoke, upesi. Kisha akaenda zake, na alipogeuka akaona kundi zima linampungia mikono.

Jaketi jekundu ni la Destin. Nilimnunulia mimi, aliposhika kazi kwangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Walionywa.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya ibada Destin amenikwepa, ametorokea mlango wa jikoni ya kanisa.

Mvua Sydney. Theluji milimani, sentimita thelathini na tano. Magharibi.

Jumatano, 20 Agosti

Gloire tena, mlangoni, bila bakuli. Nilitaka kufunga. Akavua glavu.

Kucha nne hazipo. Zilizobaki nyeusi.

"Nilichimba na tari," akasema. "Ile ya kwaya. Ilipovunjika nikachimba na mikono. Waokoaji walinibeba, Dada Belyse. Sikuwa nataka kuacha."

Akaendelea palepale barazani, upesi upesi, kama mtu anayetapika:

"Chokoleti ni yangu. Niko na sukari, ile ya kuchoma sindano. Mchungaji anafundisha mwenye ugonjwa akifunga kwa imani anapona. Nikaficha. Térence akasema basi yeye ataibeba, nikizimia anipe. Nilitetemeka asubuhi, akanipa nusu. Yeye hakula, hakunywa hata tone la maji."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Kwa Mchungaji. Akanijibu: ukisema mbele ya watu, utakuwa umesema ni wewe ulimuua."

Nimemwingiza ndani. Nimemwekea maji ya uvuguvugu na chumvi kwenye beseni, nikamuosha vidole kimoja kimoja. Ineza ametukuta hivyo, akakaa chini sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la Gloire. Wifi yangu amelala kwetu.

Kwa hiyo Kalume alijua kuwa Térence hakuvunja mfungo, na bado alipanda madhabahuni. Nilikuwa namchukia kwa kukisia. Sasa namchukia kwa uhakika, na uhakika unalaza usingizi mzuri sana.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimemkamata Destin stesheni ya Auburn. Treni ilikuwa imechelewa, hakuwa na pa kwenda ila relini.

"Dada, mimi ni mdomo tu."

"Vizuri. Mdomo, fumbuka."

"Mzee alisema theluji ya juu itaanguka. Alisema ondoeni watu sasa hivi. Nilimgeuzia Mchungaji yote, neno kwa neno."

"Yeye akasema?"

Treni ikaingia. Watu wakashuka, wakapanda. Destin hakupanda. Alikuwa analia bila kujifuta, kijana mrefu vile.

"Aliniambia: tukiwaondoa sasa imani yao itavunjika. Waambie mzungu anatusalimia. Nikawaambia mzungu anatusalimia. Wakampungia. Térence ndiye alipunga zaidi, dada. Alisema, mzungu huyu ana adabu."

Ningeweza kumpiga. Mkono ulikuwa tayari. Lakini huyu miaka sita amefunzwa kuwa neno si lake, kazi yake ni kulivusha tu. Nilimshika jaketi, nikamrudishia zipu hadi shingoni kama mtoto, nikamwambia, "Utayasema haya mbele ya watu."

"Atasema nilitafsiri vibaya."

"Hawezi kuthubutu."

Jumapili, 31 Agosti

Amethubutu.

Nimemkuta ofisini kwake nyuma ya kanisa, anakunywa chai. Alinyanyuka, akanikaribisha kiti, akanipa pole ya kumi au ya kumi na moja. Nikamuuliza mara moja: mzee wa ski alipokuonya, ulimwambia Destin awaambie watu nini?

"Maman Ineza, miye sijuaka Kingereza. Wewe unajua. Mzungu alikuja, akaongea, akaenda. Kama Destin alitafsiri mubaya, umuulize Destin."

"Destin amesema ulimwambia awaambie mzungu anatusalimia."

"Destin ni kijana. Ana hofu. Anatafuta mutu wa kubebesha." Akapuliza chai. "Na wewe uko na uchungu, na uchungu unatafuta mutu wa kukula. Ile siku Mungu mwenyewe njo alimukamata Térence. Unataka kumushitaki Mungu?"

"Mungu hakuwa amevaa koti jeusi."

Akacheka kidogo. Hicho kicheko ndicho nilichoondoka nacho.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimefikiria njia zote. Polisi wana maelezo ya mzee, na hakimu wa vifo, anayechunguza vifo vya ghafla, atachukua miezi. Sawa, wao wafanye yao. Lakini basi la kwenda mlimani linaondoka Ijumaa ijayo, tarehe 12, na watu wa kanisa letu hawaogopi hakimu. Wanaogopa mama zao. Kwa hiyo nitaanzia kwa mama zao.

Jumamosi, 6 Septemba

Nyumbani kwa Anésie, Mrundi mwenzangu, huko Penrith. Binti yake Mélanie yumo kwenye orodha ya safari. Walikuwepo akina mama wengine watano, wamekuja kusuka.

Nimeingia na sinia kubwa, sukari, unga wa ngano na maharagwe.

"Belyse," Anésie akasema, "umekuja kuomboleza au kupika?"

"Kupika. Leteni ubao."

Nikatandaza unga kwenye ubao na kuushindilia kwa chupa. Juu yake sukari, tabaka jembamba. Juu ya sukari unga tena, mwingi, nikaushindilia kwa kiganja hadi ukawa bamba. Kwenye sinia, chini ya ubao, nikapanga maharagwe kwa duara.

"Hao ni nani?" akauliza mmoja.

"Watoto wenu."

Nikainua ubao polepole, kipimo cha pembe cha fundi wangu kikiwa ubavuni. Kumi. Ishirini. Thelathini. "Mbona hamna kitu," akasema Anésie, "unga wako mtakatifu." Thelathini na tano. Nikagonga ubao kwa kidole kimoja, mara moja.

Bamba likakatika kwa mstari ulionyooka kama wa kisu, likashuka lote pamoja. Maharagwe hayakuonekana tena.

Kisha Anésie, na mafuta ya nywele vidoleni, akasema, "Rudia."

Nimerudia mara tatu. Mara ya tatu Mélanie alikuwa mlangoni anatazama. Nikawaambia basi: kuhusu upepo, kuhusu mzee, kuhusu mikono waliyopunga, na Gloire akawaonesha vidole vyake na kusema habari ya chokoleti kwa kinywa chake mwenyewe.

"Na sisi tulikula msibani tukimsema yule mtoto," akasema Anésie. Akamgeukia binti yake. "Wewe. Kafungue begi lako."

Jumanne, 9 Septemba

Nyumba saba tangu Jumamosi. Unga umeniishia, nimenunua mwingine. Basi ni la watu arobaini na wanane na lilikuwa limejaa. Jana shemasi amempigia mwenye basi kuuliza kama kuna dogo zaidi. Nilifurahi. Naandika wazi: nilifurahi mpaka nikaimba nikiosha vyombo.

Ineza bado yumo. Nimegomba, nimebembeleza, nimemwonesha ubao. Alitazama bamba linavyoshuka, akanijibu, na safari hii kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno:

"Mama, naamini unga. Lakini Mchungaji alinibatiza. Na mjomba alikuwa wangu pia. Nataka yeye mwenyewe aseme. Nitapanda basi mpaka aseme."

"Na akinyamaza?"

"Basi nitaenda naye, nimuulize huko juu."

Ana kichwa cha ukoo wetu, jiwe tupu. Sitamfungia chumbani. Nilifungiwa kambini miaka kumi na miwili, sifungii mtu.

Jumatano, 10 Septemba

Utabiri: theluji kuanzia kesho hadi Ijumaa, sentimita hamsini hadi sabini. Upepo wa magharibi hadi kilomita tisini. Mwiti amepiga simu mwenyewe. "Bosi, hata sisi hatutoki. Mshike mtoto."

Alhamisi, 11 Septemba

Kalume, nimeacha kujiandikia. Ukurasa huu ni wako. Asubuhi nitaupiga picha na kukutumia wewe, shemasi, na kila mzazi ambaye bado ana mtoto kwenye orodha yako.

Sikuombi pole. Zako ninazo za kutosha. Sikuombi unieleze mapenzi ya Mungu, wala jinsi ulivyolia, wala mangapi umeyafanyia kanisa hili. Mengine ni kweli, na hayapunguzi hata kilo moja kwenye kile kilichomwangukia mdogo wangu. Usiniambie hujui Kiingereza. Swali langu linahusu Kiswahili ulichosema wewe, kwa mdomo wako, na mtu aliyekusikia atakuwa amesimama pembeni yangu.

Kesho Ijumaa nitakuwa kwenye ngazi za kanisa. Dereva anawasha injini saa kumi na mbili jioni. Binti yangu atakuwa ameketi ndani, dirishani, anakusubiri wewe, si mimi. Kabla ya saa kumi na mbili, wazi, ili waliomo ndani ya basi wasikie, nijibu kwa sentensi moja:

Yule mzee aliposema ondoeni watu sasa hivi, ulimwambia Destin awaambie nini?